Kakao ya Mambasa na ruzuku inayoihitaji

Desemba 2024 tani moja ya kakao ilivuka dola 12,000 katika soko la New York, bei ambayo biashara hiyo haikuwahi kuiona. Miaka miwili nyuma ilikuwa ikiuzwa karibu dola 2,500. Mavuno yalikuwa yamekwama Ivory Coast na Ghana kwa sababu ya mvua mbaya, magonjwa na mikakao iliyozeeka, na wanunuzi wakagombania kilichobaki. Kufika mwisho wa 2025 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu nusu ya kilele hicho. Mkulima wa Biakato, Teturi au Lwemba, katika wilaya ya Mambasa, jimboni Ituri nchini Kongo, alipandishwa na kushushwa pamoja na bei hiyo bila kuulizwa neno.

Bei si jambo pekee linalobadilika juu ya kichwa chake. Ulaya inataka kujua kila gunia lilitoka shamba gani. Barabara Nambari 4, inayotoka Kisangani kupitia Nia-Nia, Epulu na Mambasa hadi Komanda, imekuwa njia ya kusafiria kwa hofu. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka wa Kasindi na Uganda unapaswa kufanya kazi kwa taratibu mpya. Katika hali kama hii, nchi nyingi huwapa wakulima wa mazao ya miti, matunda na mboga ruzuku ya kuwavusha. Swali la Mambasa ni ruzuku ya namna gani, itoke wapi, na ipite mikononi mwa nani. Jibu langu nitalisema mapema: miche na majembe si mahali pa kuanzia. Pesa za umma zianze kulipia vitu ambavyo mkulima mmoja hawezi kujinunulia, yaani ramani ya shamba lake, mahali pa kuchachushia na kukaushia kakao yake, na usalama wa njia ya kuitolea. Na pesa hizo zitoke kwenye kakao yenyewe.

Kabla ya kakao kulikuwa na kahawa. Robusta ndiyo iliyosomesha watoto wa Ituri na Kivu ya Kaskazini kizazi kilichopita. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana mauzo ya kahawa ulivunjika na bei zikaanguka. Kisha ugonjwa wa mnyauko, unaotokana na kuvu ya Fusarium, ukapita mashambani na kukausha mibuni mizima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi hii iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye iliuza sehemu ndogo tu ya hizo. Vita vikaongezeka juu yake. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003 Mambasa ilipitiwa na operesheni iliyoitwa Effacer le tableau, na Wambuti wa msitu huu ni miongoni mwa walioteseka zaidi.

Wakulima walijivusha wenyewe. Kampuni ya ESCO Kivu ilikuja kununua na kuhimiza kakao upande wa Beni, na zao hilo likapanda kuelekea kaskazini likiingia usultani wa Babila-Babombi, likibebwa kwa kiasi kikubwa na familia za Wanande waliotafuta ardhi. Hakuna mfuko wa serikali uliowapa miche, na hakuna benki iliyowangoja miaka mitatu au minne hadi mti uanze kuzaa. Anayezungumzia ruzuku kwa watu hawa akumbuke kwamba wamekwisha kubadilisha zao zima kwa jasho lao. Wanajua kilimo. Wanachokosa kiko nje ya shamba.

Sharti jipya zito kuliko yote linatoka Brussels. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1115, iliyoanza kuwa sheria Juni 2023, inakataza kuingiza Ulaya kakao, kahawa, mawese, mbao, soya, mpira na ng'ombe, pamoja na bidhaa zake, kama vilitoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Ilipaswa kuanza kutekelezwa mwisho wa 2024. Ikaahirishwa mwaka mmoja, kisha mwingine. Tarehe iliyowekwa kwa makampuni makubwa na ya kati ni 30 Desemba 2026, na kwa madogo ni 30 Juni 2027. Mei 2025 Ulaya ilipanga nchi kwa kiwango cha hatari. Kongo haikuwekwa kwenye hatari ndogo, kwa hiyo kakao yake inapaswa kupita ukaguzi kamili.

Kwa mkulima maana yake ni hii. Shamba la hekta nne au chini linahitaji nukta moja ya eneo, latitudo na longitudo, kitu ambacho simu ya kawaida yenye intaneti hukitoa. Shamba kubwa zaidi linahitaji mstari wa mipaka yake yote. Zaidi ya hapo, mnunuzi aoneshe kwamba shamba linalimwa kwa kufuata sheria za nchi, haki ya kutumia ardhi ikiwemo.

Nukta ni rahisi. Gharama iko kwenye kutuma watu waliofundishwa kijiji kwa kijiji, kuhakikisha shamba la fulani halikuandikwa mara tatu, na kutunza daftari hilo mwaka hadi mwaka. Leo kazi hiyo, pale inapofanyika, inafanywa na wanunuzi wakubwa kwa ajili ya mzigo wao wenyewe. Watu wengi hawajaona hatari iliyo hapa. Kampuni ikilipia ramani, ramani ni mali ya kampuni. Mkulima ambaye shamba lake liko kwenye daftari la mnunuzi mmoja tu hana njia ya kumuuzia mwingine kakao inayokubalika Ulaya, hata huyo mwingine akija na bei nzuri zaidi. Sharti lililowekwa kulinda msitu linaweza kumfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja, na bei yake ikaanguka hata soko la dunia likiwa juu.

Ndiyo maana naiona ramani kuwa ruzuku ya kwanza ambayo serikali inadaiwa. Daftari la umma, linalotunzwa na ofisi ya kilimo ya wilaya pamoja na Office National des Produits Agricoles du Congo, ONAPAC, lenye nakala mkononi mwa mkulima mwenyewe, lingempa uhuru wa kuchagua mnunuzi. Ukilinganisha na trekta, ni kazi ya gharama ndogo. Hudumu, na haiwezi kuuzwa sokoni kama mfuko wa mbolea.

Ukweli mchungu pia ni kwamba ramani itawatoa nje baadhi ya watu. Yapo mashamba yaliyofyekwa baada ya 2020, mengi na watu waliokimbia mauaji ya waasi wa ADF kwingine wakahitaji mahali pa kulima. Yapo yaliyo karibu na Hifadhi ya Okapi au ndani yake. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1992, ina takriban kilomita za mraba 13,700, na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1996 na katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Na yapo mashamba yaliyolimwa kwenye msitu ambao Wambuti waliutegemea kabla mtu yeyote hajapanda mkakao, msitu ambao sheria ya 15 Julai 2022 ya kulinda watu wa asili inawapa haki juu yake.

Tena kuna suala la ardhi yenyewe. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali, ikasema haki za kimila zitafafanuliwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Mkulima wa Babila-Babombi aliyepewa kipande na mwenye ardhi mbele ya mashahidi, akalipa alichotakiwa kulipa, hana karatasi ambayo mkaguzi wa Hamburg au Antwerp ataielewa. Cheti rahisi cha kutumia ardhi, chenye sahihi ya mkuu wa kijiji, sultani na ofisi ya ardhi, kikitolewa bure pamoja na ramani, kingeziba pengo hilo kwa wengi. Kazi hiyo ifanywe kwa uwazi, wenyeji, wahamiaji na Wambuti wakiwa wamekaa pamoja, maana cheti kilichoandikwa kwa siri kinaweza kuwasha moto zaidi kuliko kukosa cheti. Ituri imezika watu wengi kwa sababu ya ardhi.

Wale ambao mashamba yao hayatapita wasiachwe. Bunia, Butembo na Beni zinakula ndizi, mchele, maharage na mafuta ya mawese, na sehemu kubwa ya chakula hicho hutoka Mambasa. Soko hilo haliulizi satelaiti. Linauliza barabara. Pesa za kusaidia kugeukia migomba na mpunga kwenye mashamba yaliyokwisha kufunguliwa, bila kufyeka zaidi, ni ruzuku halali kabisa ya mabadiliko ya biashara, ingawa haina sifa ya kuleta dola.

Barabara na vizuizi vyake tunavijua sote, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Tangu 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Tangu 30 Novemba mwaka huohuo majeshi ya Kongo na Uganda yanawapiga ADF pamoja katika operesheni Shujaa, na kwa vipindi virefu magari yamepita kati ya Beni na Komanda kwa misafara inayosindikizwa na askari. Kila barieri hupunguza bei ya shambani, kwa sababu mnunuzi huitoa kabla hajamlipa mkulima. Kwa hiyo ipo ruzuku isiyohitaji hata franka moja ya bajeti: kuondoa barieri zisizo na sheria. Kumpa mkulima mche kwa mkono mmoja na kumtoza gunia kwa mkono mwingine hakumsaidii.

Gharama hizo ndizo zinazosukuma kakao kuvuka kwenda Uganda kwa njia za panya, kuelekea Bundibugyo na kwingine, jambo ambalo mtu yeyote wa Beni au Mambasa analifahamu. Ikishafika huko inauzwa kama kakao ya Uganda. Kongo inapoteza ushuru, na mkulima anapoteza jina lake. Zamani kupoteza jina hakukuwa na madhara makubwa. Kwa kanuni ya Ulaya, gunia lisilojulikana lilikotoka ni gunia lisilo na soko huko, na mnunuzi wa magendo ataliuza pengine kwa punguzo ambalo mwisho wake linamwangukia aliyelilima.

Serikali ya Kongo haijakosa ahadi. Huko Maputo, Julai 2003, wakuu wa Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Nchi yetu imebaki mbali na kiwango hicho. Sheria ya kilimo Na. 11/022 ya 24 Desemba 2011 iliweka Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo na msamaha wa ushuru kwa pembejeo zinazoingizwa nchini. Katiba ya 2006 inasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani yake. Kama mambo haya matatu yangetekelezwa hata nusu, makala hii isingekuwa na kazi. Kwa mkulima wa Biakato, Mfuko huo ni jina lililoandikwa katika Gazeti Rasmi.

Pesa nyingi za kilimo zilipotoka kweli, zilikwenda Bukanga Lonzo. Bustani hiyo kubwa ya kilimo cha mashine, kusini-mashariki mwa Kinshasa, ilizinduliwa 2014 na kusimama ndani ya miaka mitatu hivi. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu aliyekuwa Waziri Mkuu, Matata Ponyo, miaka kumi ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za mradi huo, zaidi ya dola milioni 200. Naliona funzo lake kuwa pana kuliko hukumu ya mtu mmoja. Mradi uliobuniwa bila mkulima ndani yake haukuwa na mtu wa kupiga kelele shambani ulipoanza kuoza.

Majirani wametutangulia kwa mafanikio na kwa makosa. Uganda, kupitia Operation Wealth Creation iliyoanza 2013, iligawa miche ya kahawa bure kwa mamilioni, chini ya usimamizi wa jeshi. Lawama zilikuwa nyingi: miche ilifika baada ya mvua, ikafia kando ya barabara. Hata hivyo mibuni iliyosalimika ni sehemu ya sababu kahawa ya Uganda imepanda hadi kuvuka magunia milioni sita kwa mwaka. Miche ina kazi yake pale ambapo njia ya kufika sokoni iko wazi. Ilipofungwa, miche mipya huongeza tu kitu cha kuibiwa.

Tanzania inatufaa zaidi. Korosho ya Mtwara na Lindi hutozwa ushuru inaposafirishwa ghafi. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye tasnia yenyewe, na pesa hizo zililipia salfa ya kupulizia mikorosho, miche na utafiti. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria, mapato yote yakaenda Hazina, huku wabunge wa kusini wakipinga kwa nguvu. Msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 300,000. Uliofuata ulishuka sana, ingawa mvutano wa bei na uamuzi wa serikali kununua korosho kwa kutumia jeshi vilichangia. Baadaye serikali ilirudisha pembejeo za ruzuku, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000. Wakulima hao huuza kwa stakabadhi ghalani na mnada, hata kakao ya Kyela imeingizwa humo. Mfumo huo una malalamiko yake ya malipo kuchelewa, lakini bei hutangazwa mbele ya watu.

Kutoka hapo nachukua kanuni moja kwa Mambasa: sehemu ya kila kinachotozwa kwa kilo ya kakao irudi, kwa sheria, kwenye usultani ilikotoka. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inautambua usultani kuwa chombo cha utawala chenye bajeti yake. Babila-Babombi ina haki ya kuwa na mstari wa kakao katika bajeti hiyo, na wakulima wawe na haki ya kuusoma ukutani.

Na mstari huo, baada ya ramani, ulipie nini? Uchachushaji. Wengi huuza kakao ikiwa mbichi, siku ileile ya kupasua maganda, kwa kuwa kuilaza nyumbani ni kumwalika mwizi, au kwa kuwa mtoto amefukuzwa shule. Punje mbichi zikikaushwa hubaki chini ya nusu ya uzito wake, na mnunuzi huijua hesabu hiyo vizuri kuliko muuzaji. Kakao iliyolazwa siku tano au sita kwenye masanduku ya mbao, ikigeuzwa vizuri, kisha ikakaushwa hadi unyevu wa asilimia 7 au 8, hupata ladha ambayo watengenezaji wa chokoleti huitafuta. Kituo cha pamoja chenye masanduku, vichanja vilivyoezekwa, mzani uliopimwa na mlinzi, kinachompa mkulima malipo ya awali siku anapoleta, kinagharimu kiasi ambacho chama cha wakulima hakiwezi kukusanya peke yake lakini jimbo linaweza. Wanawake ndio hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupasua na kuanika. Wawe na nafasi zao katika kamati ya kituo, na malipo yapite kwenye simu zao wenyewe.

Kituo kama hicho kinahitaji agronomu anayefika mashambani. Kuoza kwa maganda kunaenea haraka katika unyevu wa msitu wetu, na dawa yake ya kwanza ni kupogoa na kuondoa maganda mabovu kila wiki, ujuzi unaofundishwa kwa kuonyeshwa. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo Nioka, ndani ya Ituri hiihii. Kumlipa agronomu wa usultani mshahara unaofika na kumwekea pikipiki mafuta ni ruzuku pia, ingawa hakuna waziri atakayekata utepe kwa ajili yake.

Nitaambiwa kwamba kila kitu kingoje amani. Kakao haikungoja. Imelimwa na kuuzwa miaka yote hii ya vita, na wenye silaha wamekula ndani yake kwa sababu hakuna daftari linalosema ni ya nani. Gunia lenye jina na nukta ya shamba ni gumu zaidi kuuzwa na mwizi. Wengine watasema bei ikiwa nzuri wakulima hawahitaji msaada. Wawaulize waliopanda vanila ilipokuwa karibu dola 600 kwa kilo mnamo 2018, wakavuna ilipoanguka chini ya dola 100. Mwaka wa bei nzuri ndio wa kujenga akiba. Ivory Coast na Ghana, zenye mashirika ya serikali yanayopanga bei ya shambani, ziliumia kwa sababu nyingine: zilikuwa zimeuza mapema kwa bei ya chini, na wakulima wao wakakosa kilele cha 2024. Sipendekezi Kongo ipange bei. Napendekeza itangaze bei kila wiki kwa redio za Mambasa na Bunia, ili mkulima ajue anapunjwa kiasi gani.

Bunge la jimbo halikai wakati wa hali ya dharura ya kijeshi, kwa hiyo maombi haya yanakwenda kwa gavana wa kijeshi mjini Bunia, kwa wabunge wa taifa waliochaguliwa na Mambasa, na kwa wizara ya kilimo Kinshasa. Washeni Mfuko wa 2011, mwanze na ramani za mashamba ya kakao ya Babila-Babombi, na mzimalize kabla ya 30 Desemba 2026. Na ninyi wakulima mliokwisha kupimiwa mashamba na wanunuzi, ombeni nakala ya ramani yenu kwa maandishi kabla hamjapeleka gunia lijalo.